Misumari Saba Isiyoshika Kitu

Msumari wa saba ulitoka wenyewe.

Ile sita ya kwanza ilikuwa imemtoa Bi Randa jasho tangu asubuhi. Aliibana kwa koleo, akaigonga ubavuni, akaipaka mafuta, akaitukana kwa sauti ya chini kama alivyozoea kutukana misumari yote mikaidi, nayo ikatoka mmoja mmoja, kila mmoja na kilio chake. Alipofika kwenye wa saba aliweka tu koleo juu ya kichwa chake. Hakuwa hata amebana. Msumari ukapanda taratibu kutoka ndani ya boriti, ukaangukia kiganjani mwake, na ulikuwa na joto.

"Haya, wewe angalau una adabu," aliuambia, akautia kwenye kopo pamoja na wenzake.

Jina la Bi Randa alipewa na mtaa. Mumewe alipofariki alimwachia karakana nyuma ya nyumba, binti mmoja na nyundo moja, na yeye akajinunulia randa ya kulainishia mbao, akaanza kazi. Watu walicheka sana. Miaka kumi na minane baadaye wale wale waliocheka ndio waliokuwa wakisubiri miezi mitatu wapate meza yake, na yeye hakukosa kuwakumbusha. Mteja akija, hamuulizi anataka kiti cha namna gani. Anamkalisha kwenye benchi, anampigisha soga huku akimtazama anavyoegemea na anavyokunja miguu, kisha anachora juu ya kipande cha boksi. Kiti kikitoka, mwenyewe anakikalia na kusahau kuinuka.

Sharti lake lilikuwa moja: hakati mti ulio hai. "Miti iliyokwisha kukatwa inatosha," alikuwa akisema. "Kazi yetu ni kuitendea haki." Kwa hiyo alitumia milango ya zamani, maboriti ya nyumba zilizobomolewa na miti iliyoangushwa na upepo, wala hakutupa kitu. Kilichobaki kwenye meza kilikuwa kigoda, kilichobaki kwenye kigoda kilikuwa mwiko, na maranda aliwapa majirani wakawatandikie kuku. Na kabla msumeno haujagusa ubao wa zamani, misumari yote ilitoka kwanza, kwa sababu msumari mmoja uliosahaulika huvunja meno ya msumeno na huweza kumtoa fundi jicho. Hilo halikuwa na mjadala katika karakana yake.

Boriti ile aliletewa na Bomoa, mwanamume mnene mwenye kazi ya kuvunja majumba. Ilikuwa imekaa juu ya mlango wa chumba kimoja katika nyumba iliyofungwa miaka mingi. Ubao wake ulikuwa mwekundu na mzito, hauna hata tundu moja la mchwa, na kitu pekee kilichoitia dosari ni hiyo misumari saba ya kufuliwa kwa mkono, yenye pembe nne, iliyopangwa mstari mmoja na kuzamishwa mpaka vichwani. Haikuunga ubao na ubao. Haikuning'iniza chochote. Ilikuwa imepigwa pale, basi.

Msumari usioshika kitu ni jambo la kumfanya fundi yeyote ajiulize, na Bi Randa alijiuliza, kwa muda wa kufuta jasho. Kisha akaamua kwamba aliyeipigilia alikuwa mlevi, akawasha msumeno.

Kila ubao mkongwe ukikatwa hutoa harufu yake. Huu ulinuka maziwa yaliyochacha juani, na chuma cha moto. Alikohoa, akafungua dirisha, akaendelea, maana mkononi alikuwa na kazi aliyoipenda kuliko nyingine yoyote. Alikuwa akimtengenezea mjukuu wake kitanda.

Binti yake alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya tatu alilazwa kitandani miezi minne, miguu juu ya mito, nyumba nzima ikitembea kwa ncha za vidole, na hatimaye akazaliwa msichana mdogo mwenye nywele nyingi na sauti ya kudai haki. Mkwe alikuwa kazini mbali, akirudi kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo walikuwa watatu nyumbani, bibi, mama na mtoto, na Bi Randa, ambaye si mtu wa kusali kwa sauti, kila asubuhi alisimama mlangoni akasikiliza pumzi za yule mdogo kabla ya kwenda kuchemsha chai.

Kitanda kilitoka kizuri mno. Kilikuwa cha kubembea, chenye miguu miwili ya upinde, bila msumari hata mmoja, kila kiungo kimeingia kwa mwenzake na kushikwa kwa gundi. Vipande vilivyobaki vikapata kazi kama kawaida. Kimoja kikawa kigoda cha sebuleni, kimoja ubao wa kukatia mboga, viwili vikawa miiko. Hata nyundo ya marehemu, ambayo mpini wake ulikuwa umepasuka, ilipata mpini mpya siku hiyo hiyo.

Wa kwanza kulalamika alikuwa jirani wa ukuta wa nyuma, mama mwenye kuku na mdomo.

"Bi Randa, maranda yako safari hii yana nini?"

"Yana nini tena? Ni mbao."

"Kuku wangu wamegoma. Siku ya tatu hawaingii bandani. Wamepanda juu ya paa mchana kweupe, wamejipanga kama wanasubiri basi."

"Kuku wanajua nini kuhusu mbao?"

"Kuhusu mbao hawajui," alisema jirani, na hakuwa akicheka. "Kuogopa wanajua. Nimeyatupa shimoni."

Bi Randa alilifanya jambo la kuchekesha, akamsimulia binti yake jioni. Binti naye alikuwa na habari yake, njema.

"Mama, tangu tumlaze kwenye kitanda chako, mtoto hajalia."

"Hajalia leo?"

"Hajalia kabisa. Wiki nzima. Anatazama juu tu, anacheka."

Wakafurahi wote wawili. Mama aliyelala usingizi wa kutosha haulizi maswali. Lakini mwisho wa wiki ya pili walimpeleka kupimwa uzito, na muuguzi akarudia kupima mara tatu, akautikisa mzani, akampima tena.

"Ananyonya?"

"Ananyonya mpaka ziwa linauma," alijibu binti.

"Mbona amepungua?"

Daktari alimwangalia kila mahali. Damu safi, mapafu safi, hana homa. Wiki iliyofuata alikuwa amepungua zaidi. Mkono wake ulikuwa mwembamba kama mpini wa patasi na mtoto bado alikuwa akicheka, jambo lililomtisha Bi Randa kuliko ambavyo kilio kingemtisha. Alianza kuamka kabla ya alfajiri kusikiliza zile pumzi.

Kisha ukaja mchana mmoja.

Ilikuwa saa saba, jua liko utosini, mtaa umenyamaza kwa joto. Bi Randa alikuwa karakanani akipiga msasa mguu wa meza, na kupitia ukuta wa mbao alimsikia binti yake akimwimbia mtoto. Ulikuwa wimbo usio na maneno, wa kuguna tu puani, unaopanda polepole na kushuka kabla haujafika juu, na chini yake miguu ya kitanda ikisema kru, kru, kru juu ya sakafu. Alijikuta akipiga msasa kwa mwendo ule ule. Alifurahi. Alikuwa hajamsikia binti yake akiimba tangu mimba ya kwanza iharibike.

Geti likafunguka. Binti akaingia na kikapu cha mboga, jasho limemlowesha kichwa.

"Mama, asante kwa kumbembeleza, foleni ilikuwa ndefu dukani na..."

Akanyamaza, kwa kuwa aliona uso wa mama yake, na kwa kuwa wimbo haukuwa umekatika.

"Nani yuko na mtoto?" alinong'ona.

Bi Randa alimshika mkono wakaenda, wakapita jikoni ambako mwiko ulikuwa ukigonga wenyewe ndani ya sufuria tupu kwa mwendo wa ule wimbo, wakapita sebuleni ambako kigoda kilikuwa kikiyumba mguu huu na mguu ule kama mtu anayesubiri kuitwa, na kila walipokaribia chumbani harufu ya maziwa yaliyochacha ilizidi kuwa nzito mpaka ikawa kama kitambaa kilichowekwa mdomoni, na mlango ulikuwa wazi, na ndani, katika mwanga mweupe wa mchana ambao haukuacha pembe hata moja ya kujificha, kitanda kilikuwa kikibembea bila mkono, chandarua kimebonyea ndani upande mmoja kama kimeegemewa na kiwiko, na mtoto alikuwa amelala chali akicheka, macho yake yakifuata kitu kilichosimama juu yake, kirefu kuliko mtu, kilichoinama, kikainuka, kikainama tena.

Wimbo ukakatika. Katika kimya kile walisikia kucha zikikwaruza ubao kutoka kichwani mwa kitanda mpaka miguuni, taratibu, kama fundi anayepima.

Binti alimnyakua mtoto. Na yule mtoto ambaye hakuwa amelia kwa wiki tatu akalia, akalia kwa hasira na uchungu, mikono yote miwili ameinyoosha kuelekea kitandani.

Siku hiyo hiyo Bi Randa alimfuata Bomoa kwenye kifusi chake. Kichwani alikuwa amekwisha kukusanya: mwiko, kigoda, kitanda, vyote vya boriti moja.

"Ile nyumba ilikuwa ya nani?"

Bomoa alijikuna shingo. "Dada yangu, hukuuliza siku ile."

"Nauliza leo."

"Kile chumba kilikuwa kimezibwa kwa matofali. Mlango mzima. Tulipovunja tukakuta vitanda vinne vya watoto, vimetandikwa, na vumbi halijavigusa." Alitazama chini. "Ubao ulikuwa mzuri, nikajua utaupenda. Mimi sing'oi misumari, Dada. Mimi nabomoa tu."

Bi Randa alimwonyesha kopo. Bomoa hakutaka hata kuligusa, lakini alimwelekeza kwa mhunzi mmoja mzee, wa mwisho aliyekuwa bado anafua misumari ya pembe nne, ambaye watu walimfuata pia kwa mambo ambayo hospitali haina dawa yake.

Mhunzi alikuwa mtu mdogo, mkavu, mwenye nyusi zilizoungua na hasira za karibu. Alimimina misumari mezani, akauchukua mmoja, akaunusa. Akaurudisha mezani haraka.

"Hii niliifua mimi," alisema. "Nilikuwa kijana. Baba yangu ndiye aliyeisomea. Nani ameing'oa?"

"Mimi, mzee wangu. Sikujua."

"Ulidhani inashika nini?"

"Nilidhani haishiki kitu."

Mzee akacheka bila furaha, kisha akamsimulia. Jini lile halikuwa la kuua. Lilikuwa la kulea. Lilipenda watoto kuliko mama zao walivyowapenda, likawabembeleza, likawaimbia, na kadiri lilivyowapenda ndivyo walivyokwisha, wakicheka, mpaka kikabaki kitanda kilichotandikwa. Katika nyumba ile walikwisha wanne kabla baba yake hajaweza kulifungia ndani ya boriti.

"Nichome kitanda?" Bi Randa aliuliza.

"Ukichoma nyumba ya jini hujalichoma jini. Umelifukuza likatafute nyumba nyingine, na aliye karibu ni nani? Kusanya kila kilichotoka kwenye boriti ile, ukifunge pamoja. Saa saba kamili, kivuli kikiwa kifupi, misumari irudi yote saba, na lazima ipigwe na mkono ule ule ulioing'oa. Kikibaki nje hata kipande cha kidole, tumefanya kazi bure. Haya, hesabu."

Bi Randa alihesabu kwa vidole. "Kitanda. Kigoda. Ubao wa kukatia mboga. Miiko miwili. Maranda yalitupwa."

"Maranda ni vumbi, hayakaliwi na kitu. Basi?"

"Basi."

"Fikiri tena, mama."

"Mzee wangu, mimi ni fundi," alisema, na hata katika hofu ile kiburi chake kilimpanda kidogo. "Kila nilichokitengeneza nakijua kilipo."

Kesho yake binti na mtoto walipelekwa kwa jirani mwenye kuku, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuuliza kitu. Bi Randa alikifungua kitanda kiungo kwa kiungo kwa patasi, na kila kiungo kilipoachia aliona kama anajing'oa jino. Akakusanya vyote sakafuni karakanani, mhunzi akavifunga kwa waya wa chuma mpaka vikawa tita moja gumu, akaanza kusoma. Jua lilipofika utosini mzee akaitikia kwa kichwa.

Msumari wa kwanza uliingia kwa shida. Wa pili ulipoingia, vifuniko vya mikebe ya gundi vilianza kutetemeka rafuni. Wa tatu, sauti ya binti yake ikaita nyuma ya bega lake, karibu kabisa na sikio, "Mama, njoo, mtoto hapumui," naye akageuka nusu kabla mhunzi hajamfokea, "Hayupo huko! Piga!" Akapiga. Wa nne, wimbo ule ukaanza, kutoka ndani ya tita, kutoka ukutani, kutoka kwenye meno yake mwenyewe. Na wa tano akaisikia sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka kumi na minane, ya upole, iliyochoka, ikitoka chini ya kila pigo, ikisema, mke wangu, unaniumiza, kwa nini unaniumiza na nyundo yangu mwenyewe, na machozi yakamtoka Bi Randa yakachanganyika na jasho likaingia machoni asione hata kichwa cha msumari, lakini mkono ulikuwa umeijua kazi ile muda mrefu kuliko macho, ukapanda na kushuka, ukapanda na kushuka, mpaka wa tano ukazama na wa sita ukazama na mtoto fulani, si wake, akalia mahali fulani mbali sana na kunyamaza.

Wa saba aliugusa tu. Ukaingia wenyewe.

Kimya. Hata nzi walisikika.

"Huo umeingia kirahisi," alisema mhunzi.

"Hata kutoka ulitoka kirahisi."

"Ndiyo," mzee alisema, akilitazama tita bila kuridhika. "Ndiyo maana sipendi." Akalifunga ndani ya gunia, akaenda kulifukia chini ya tanuru yake, ambako chuma hakikosekani.

Mtoto alilia usiku ule wote, na bibi na mama yake walikaa wakimsikiliza kama watu waliokaa kwenye taarabu. Akalia kesho yake. Akalia akiwa na njaa, akiwa amelowa, akiwa hana sababu yoyote. Wiki ya kwanza mzani ulisimama. Ya pili ulipanda. Muuguzi alimpiga busu mguuni. Binti alianza kucheka tena, na mkwe aliporudi mwisho wa mwezi hakuambiwa zaidi ya kwamba kitanda cha kwanza kilikuwa na kasoro.

"Nawe Mama hukosei," alisema mkwe akishangaa.

"Mchuma janga hula na wa kwao, baba," alijibu Bi Randa. "Nimeshajifunza."

Na alikuwa amejifunza. Kitanda cha pili alikitengeneza kwa mbao za mlango ambao alimfahamu mwenye nyumba yake, akaukagua msumari kwa msumari, na kila msumari ulikuwa umeshika kitu. Ilikuwa asubuhi tulivu. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye mkeka kando ya benchi, mnene sasa, amevimba mashavu. Binti alikuwa jikoni akiosha vyombo. Bi Randa aliweka ubao wa mguu mahali pake, akashika nyundo, akagonga kiungo kiingie. Ko. Ko. Ko.

Mtoto akacheka.

Akagonga tena, akamtazama. Kila nyundo iliposhuka, mtoto alicheka, na macho yake hayakuwa yakimtazama bibi yake. Yalikuwa yakitazama juu kidogo ya bega la bibi yake.

"Mama," binti aliita kutoka jikoni, sauti yake imekauka. "Huo wimbo unaoimba... umejifunza wapi?"

Hapo ndipo Bi Randa alipojisikia. Ulikuwa ukimtoka puani, ukipanda polepole na kushuka kabla haujafika juu, na hakujua ulianza lini. Akaitazama nyundo ya marehemu mumewe, ile ile aliyopigia misumari yote saba. Akautazama mpini mwekundu, usio na tundu hata moja la mchwa. Fundi huhesabu alichokitengeneza. Kifaa alichotengenezea hakihesabu.

Akataka kuitupa. Vidole havikufunguka. Alivivuta kwa mkono wa pili, akavivuta mpaka mifupa ikalia, na wakati wote ule wimbo haukukatika, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikaanza kujaa karakanani.

"Mwanangu," alijaribu kupiga kelele, "kimbia naye," lakini mdomoni hakukutoka kitu ila ule mguno.

Mtoto alinyoosha mikono yote miwili apakatwe. Na Bi Randa, nyundo ikiwa mkononi, akainama kumchukua.